Miguu ya Wazee Wetu na Barabara za Mji

(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa wanachama wa tawi, Nairobi)



Tumezoea kusimama hapa na kusema habari za mshahara, saa za kazi, nyumba na pensheni. Leo kamati imetutuma tuseme habari za miguu. Tafadhali msicheke. Tulikuwa watu wanne tuliopewa kazi hii, nasi tulipoanza tulicheka vile vile. Sasa hatucheki tena, na tutawaeleza sababu.

Mwaka jana tawi lilichanga fedha za kumsaidia mzee mmoja aliyelazwa hospitali. Jina lake hatulitaji, lakini wengi wenu mnamfahamu. Alikuwa mnyapara wa genge la njia kwa zaidi ya miaka thelathini. Kazi yake ilikuwa kutembea juu ya mataruma tangu asubuhi, nyundo begani, akitazama misumari, akikaza bolti na kusikiliza reli kama daktari anavyosikiliza kifua. Mvua ikinyesha alitembea, jua likiwaka alitembea. Alipotimiza miaka sitini alistaafu akiwa mwepesi kuliko sisi vijana wa ofisini.

Hakurudi shamba. Shamba la baba yao liligawanywa kwa ndugu saba, na fungu lake halitoshi hata kufuga mbuzi. Watoto wake wako Nairobi na kliniki yake iko Nairobi, akakaa huku upande wa mashariki ya mji. Miaka miwili ya kwanza mambo yalikuwa mazuri. Kila asubuhi alivuka barabara, akapita sokoni, akafika kwenye kibanda cha chai ambako wastaafu wenzake hukutana, akazungumza, kisha akarudi nyumbani kwa miguu.

Halafu barabara ile ikapanuliwa. Mahali pa kuvukia pakaondolewa, na watu wakaambiwa wapande daraja la miguu lililo mbali, lenye ngazi nyingi. Njia ya pembeni ikajaa pikipiki na vibanda. Mtaro ulio kando yake ulikuwa na vifuniko vya chuma. Vikaibwa kimoja kimoja, wala havikurudishwa. Jioni moja taa zilikuwa hazijawaka, mzee wetu akatia mguu ndani ya mtaro. Mguu haukuvunjika, lakini hofu iliingia. Tangu siku ile hakutoka tena peke yake.

Tulipokwenda kumtazama, mwaka mmoja ulikuwa umepita. Tulimkuta amekaa kwenye kiti karibu na mlango. Amenenepa tumbo, miguu imekonda, presha imepanda. Kusimama lazima ashikwe mkono. Mmoja wetu akamwuliza, “Mzee, wewe uliyekuwa unatembea njia yote ile, imekuwaje?” Akajibu, “Reli niliijua, kila taruma. Barabara hii siijui.”

Ndugu zetu, jibu lile ndilo lililotufanya tuulize zaidi. Tulitaka kujua kama ni uzee tu uliomkalisha mzee wetu, au kuna jambo jingine.

Waliopimwa ni watu wa kazi kama zetu

Tuliona kwamba jambo hili liliulizwa zamani, tena liliulizwa kwa wafanya kazi wa usafiri. Mwaka 1953 daktari mmoja wa Uingereza, Jerry Morris, alitoa habari za wafanya kazi wa mabasi ya London. Mabasi yale yalikuwa ya ghorofa mbili. Dereva alikaa kitini karibu siku nzima. Kondakta alipanda na kushuka ngazi za basi akikata tikiti, vidato mia tano na zaidi kila siku. Watu hawa walifanya kazi katika basi moja na mji mmoja. Lakini madereva walipatwa na ugonjwa wa moyo zaidi ya makondakta, na waliopatwa walikufa upesi zaidi.

Mtu mwenye akili atauliza, je, labda madereva walikuwa wanene tangu walipoandikwa kazi? Daktari Morris aliuliza hivyo hivyo. Mwaka 1956 alitoa habari ya vipimo vya suruali za kazi walizogawiwa, akaona kweli viuno vya madereva vilikuwa vinene zaidi. Kwa hiyo si haki kusema kila kitu kilitokana na ngazi za basi. Lakini wataalamu wengine wengi wamepima jambo hili tangu wakati ule, katika nchi nyingi, na neno limekuwa lile lile: mwili unaotembea hudumu kuliko mwili unaokaa. Daktari Morris mwenyewe alikufa mwaka 2009 akiwa na miaka 99.

Habari ya pili inatuhusu sisi wa reli hasa. Mwaka 1962 wataalamu wa Marekani walitoa hesabu ya vifo vya watu wa reli wa nchi yao. Waliwagawa mafungu matatu: makarani wa ofisini, watu wa kupanga mabehewa uwanjani, na watu wa genge wanaotengeneza njia. Katika kila watu elfu moja, makarani waliokufa kwa ugonjwa wa moyo walikuwa karibu mara mbili ya watu wa genge. Watu wa mabehewa walikuwa katikati. Karani alivaa shati safi na kukaa kivulini, tukamwonea wivu. Kumbe mwenzake mwenye sururu alikuwa akijilinda moyo bila kujua.

Msituelewe vibaya. Hatusemi kazi nzito ni dawa. Kazi nzito bila chakula, bila mapumziko na bila vifaa humwua mtu, na chama hiki kilianzishwa kwa sababu hiyo. Mama anayebeba gunia la viazi mgongoni hafanyi mazoezi, anaumia. Tunasema jambo moja tu. Kwa miaka thelathini kazi ilimpa mzee wetu mwendo wake wa kila siku. Siku aliyostaafu, alirudisha nyundo stoo na mwendo ule ukabaki huko. Tangu siku ile ni mji utakaompa mwendo au kumnyima. Na mji wetu ulimnyima.

Mwili wa mzee unataka nini

Mtu akizeeka nyama za miguu hupungua. Asipozitumia hupungua upesi zaidi, kama vile chuma kisichotumika kinavyoshika kutu. Miguu ikilegea mtu huyumba, akiyumba huanguka, na mzee akianguka huweza kuvunjika mfupa wa nyonga, na wengi wakivunjika hapo hawarudii nguvu zao za zamani. Tena kukaa tu huongeza presha na ugonjwa wa sukari, huharibu usingizi, na hutia huzuni moyoni. Mzee asiyetoka nje hapotezi mwendo peke yake, hupoteza na wenzake.

Shirika la Afya Duniani lilitoa shauri lake mwaka 2020. Mtu mzima, pamoja na mzee, inafaa apate dakika 150 mpaka 300 kila wiki za mwendo wa wastani, yaani mwendo wa kuongeza pumzi lakini bado unaweza kuzungumza. Na mwenye miaka 65 na zaidi afanye pia mazoezi ya nguvu na ya kusimama imara, siku tatu au zaidi kila wiki. Dakika 150 si nyingi. Ni nusu saa, siku tano. Na asiyeweza nusu saa, hata dakika kumi zinafaa kuliko kukaa. Haba na haba hujaza kibaba.

Basi, jambo hili halitaki mashine wala klabu ya matajiri. Linataka njia. Ikiwa mzee ana mahali pa kwenda, na njia salama ya kufika, atatembea bila kuhubiriwa. Mzee wetu hakuwa akifanya mazoezi. Alikuwa akienda kunywa chai.

Mji unavyomkalisha mzee

Nairobi ni mji uliozaliwa na reli. Reli ilifika hapa mwaka 1899, na mahali palipokuwa uwanda na maji baridi pakawa stesheni, karakana, kisha mji. Mitaa ya wafanya kazi wa reli kama Muthurwa na Makongeni iliwekwa karibu na njia ili mtu aende kazini kwa miguu. Hata leo watu wengi sana wa mji huu hutembea kila siku, kwa kuwa nauli ni ghali. Lakini mji haukutengenezwa kwa ajili ya wanaotembea. Tulizunguka mitaa yetu kwa siku tatu, tukaandika tuliyoyaona.

Kwanza, kuvuka. Wahandisi katika nchi nyingi hupima taa za kuvukia kwa mtu anayekwenda mita 1.2 kwa sekunde moja. Wazee wengi hawafikii mwendo huo. Tuchukue barabara ya upana wa mita 12. Kijana ataivuka kwa sekunde 10. Mzee anayekwenda mita 0.8 kwa sekunde, sekunde 10 zikiisha amevuka mita 8, na mita 4 zimebaki mbele yake, na magari yanaanza kuondoka. Hesabu hii tuliisoma katika shule ya msingi ya misheni, haihitaji chuo kikuu. Na hapo tumesema mahali penye taa. Pasipo na taa, mzee husimama pembeni kama mtu anayengoja mto upungue.

Pili, madaraja ya miguu. Barabara ya Thika ilipokwisha kupanuliwa mwaka 2012 iliwekewa madaraja ya miguu, na yameokoa watu wengi. Hatuyapingi. Lakini mwenye magoti mabovu akitazama ngazi zile huchagua moja katika mawili: avuke chini kwa kubahatisha, au abaki nyumbani. Penye mteremko badala ya ngazi anaweza kupanda, ila safari inakuwa ndefu, na katikati hakuna pa kupumzika.

Tatu, mitaro na mashimo. Katika matembezi yetu hatukuona mtaa hata mmoja ambao mitaro yake yote ilikuwa imefunikwa. Kijana huruka. Mzee haruki.

Nne, pa kukaa na pa kujisaidia. Hili watu huona haya kulisema, lakini wazee wenyewe walilitaja kabla ya mengine yote. Watu wengi wa miaka sabini hawawezi kutembea saa nzima bila kukaa kidogo, na mara nyingi hawawezi bila choo. Pasipo na benchi wala choo, safari yake inakuwa fupi kama kamba ya mbuzi.

Tano, giza, wezi na moshi. Taa ikizimika, mzee hufunga mlango saa kumi na mbili. Mchana moshi wa magari na wa takataka zinazochomwa humkaba kifua. Bustani zipo, lakini nyingine ziko mbali, na nyingine hudai kiingilio, na nauli ya matatu ya kwenda na kurudi inamaliza fedha za unga.

Wako watakaosema, “Wazee warudi nyumbani mashambani.” Ndugu, wako wasio na shamba. Wako waliozaliwa hapa hapa katika nyumba za reli. Wako wanaotaka kuwa karibu na hospitali. Tena tusiudharau mji. Mji una jambo jema ambalo shamba halina: duka, kliniki, kanisa, msikiti na rafiki vyote viko karibu. Mji ukiwa na njia nzuri, mzee atatembea kila siku bila kujua kwamba anajitibu. Lakini mambo hayo mema yako ng'ambo ya barabara, na barabara haivukiki.

Si sadaka tunayoomba

Tena tusidhani tunaomba hisani. Katiba ya mwaka 2010, Kifungu cha 57, inasema Serikali ichukue hatua ili wazee washiriki kikamilifu katika mambo ya jamii, waishi kwa heshima, na wapate matunzo ya jamaa zao na ya Serikali. Mzee kwa Katiba hiyo ni mtu aliyefikia miaka sitini. Je, atashirikije mambo ya jamii mtu asiyeweza kufika sokoni?

Shirika la Afya Duniani lilipoandika kitabu chake cha miji inayowafaa wazee, mwaka 2007, liliuliza watu wa miji 33 ya dunia, na Nairobi ilikuwa mmojawapo. Na mwaka 2015 wakuu wa kaunti ya Nairobi walitoa sera ya wanaotembea kwa miguu na wanaopanda baisikeli, iliyoahidi kwamba sehemu moja katika tano ya fedha za kujenga barabara itatumika kwa ajili yao. Sisi si wanasheria. Lakini ahadi iliyoandikwa ni kama hundi: lazima mtu aipeleke dirishani.

Na mji huu umekwisha kuona kwamba mwananchi akisimama husikiwa. Mwaka 1989 kulikuwa na shauri la kujenga jumba la ghorofa sitini ndani ya Uhuru Park. Wangari Maathai alilipinga, akatukanwa sana, hakunyamaza, na jumba halikujengwa. Watu wa mji walibaki na majani yale ya kukalia na njia zile za kutembelea.

Tufanye nini

Kamati inaleta mbele yenu mashauri sita, mkubali au mkatae.

1. Kila mtaa wenye wanachama wetu uchague watu wawili wa kuandika mitaro iliyo wazi, taa zilizokufa na mahali pabaya pa kuvukia. Waandike mahali, tarehe, na jambo lenyewe. Barua ya manung'uniko matupu hutupwa; barua yenye orodha huwekwa katika faili.

2. Orodha hiyo ipelekwe kwenye mikutano ya wananchi ya bajeti ya kaunti. Sheria inaamuru wananchi waitwe na wasikilizwe. Tusiende mmoja mmoja. Twende na wazee wetu wakae mstari wa mbele.

3. Wenye vibanda na pikipiki tusiwafukuze. Hao ni wafanya kazi kama sisi na wana watoto. Tukae nao, tukubaliane upana wa njia utakaoachwa wazi. Mahali pamoja tumekwisha jaribu, na mama mwenye kibanda cha mboga alikubali kusogeza meza yake, akatoa na kiti cha wazee kupumzikia.

4. Jumamosi asubuhi, jua likisha kutoka na kabla magari hayajawa mengi, wastaafu watembee pamoja, na kila kundi liwe na vijana wawili. Mzee mwenye presha au maumivu ya kifua amwulize daktari kwanza.

5. Veranda ya ofisi ya tawi iwe wazi mara tatu kwa wiki kwa mazoezi mepesi: kuinuka kitini na kukaa tena mara kumi, kusimama kwa mguu mmoja huku umeshika ukuta, kunyanyua visigino. Viti tunavyo. Ukuta tunao.

6. Sisi wenye miaka thelathini na arobaini tusingoje. Ndugu madereva na makarani, mliwasikia wale wa London na Marekani. Tushuke kituo kimoja kabla, tutembee. Miguu tutakayostaafu nayo ndiyo hii hii.

Tena katika mazungumzo na waajiri, tunaomba viongozi wetu waanze kusema habari za miaka ile baada ya kazi, si fedha peke yake. Pensheni ni jambo kubwa, hatulipunguzi. Lakini pensheni ya mtu asiyeweza kusimama huishia katika dawa.

Mtauliza mzee wetu yu hali gani. Tumekuwa tukienda kwake mara tatu kila wiki kwa zamu, tangu tulipomtembelea. Wiki ya kwanza tulitembea kutoka mlangoni mpaka kwenye bomba la maji, akarudi amechoka, akasema tumwache. Hatukumwacha. Wiki ya nne alifika kwenye kona. Hajapona, tusidanganyane, dawa za presha anameza na goti linamwuma. Lakini sasa huinuka kitini bila kushikwa mkono, na juma lililopita alivuka barabara katikati yetu, mmoja kulia na mmoja kushoto, akafika kibanda cha chai. Wenzake walisimama wote kumpokea. Mmoja wao alidhani amekwisha kufa.

Mtaro ule bado uko wazi. Tulipita kando yake kwenda na kurudi, na mzee aliuonyesha kwa bakora yake, akasema, “Huu hapa.” Ndio wa kwanza katika orodha yetu.

Bwana Mwenyekiti, wazee hawa ndio waliotulindia njia ili gari moshi lipite salama. Sasa ni zamu yetu kuwalindia njia yao, na ni fupi: kutoka mlangoni mpaka sokoni.

Umoja ni nguvu.